Mizani inasema nimeongeza kilo nzima ya mafuta usiku nikiwa nimelala, hii inawezekana kweli?

Kilo84

Wakuu habari zenu. Naomba tuelimishane maana nakaribia kuirusha hii mashine dirishani.

Wiki hii nimenunua ile mizani ya kioo ya kupimia nyumbani, unapanda peku inakupa uzito, mafuta, misuli, maji, mifupa na mambo kibao inayatuma kwenye simu. Mimi ni mwanaume, miaka 38, urefu sentimita 176, nina kitambi cha wastani (wastani kwa mujibu wangu mwenyewe). Nimeanza kutembea jioni na kupunguza kula usiku, yapata wiki tatu sasa.

Sasa sikilizeni. Juzi asubuhi nimepanda nakuta kilo 84.0, mafuta asilimia 27. Nikasema poa, ndo hali halisi tunaanzia hapo. Jana asubuhi nimepanda tena, 83.6, moyo ukafurahi, kushuka mstari wa chini naona mafuta 28.5!! Nikachukua kikokotoo, juzi mafuta yalikuwa kilo 22.7, jana kilo 23.8. Yaani uzito umepungua gramu 400 halafu mafuta yameongezeka kilo nzima na zaidi, usiku mmoja, nikiwa nimelala, na usiku huo nilikula mapema na kidogo. Jioni nikapanda kwa hasira ikasema 25.9.

Bado apu imenipa BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 30.1 imeiandika kwa rangi nyekundu "unene uliopitiliza", mafuta ya ndani 11, na umri wa mwili miaka 47. Arobaini na saba jamani. Mke wangu kaicheka hiyo mpaka kakaa chini.

Mashine mbovu au mimi ndo mbovu?

Mpita Njia

Mkuu unalala na mafuta unaamka na mafuta zaidi, hiyo akiba inajizalia faida yenyewe. Naweka kiti hapa nasubiri wataalamu.

Chuma Kizito

Izo mizani ni midoli ya watu wazima. Mi ilinambia nina 24 wakati misuli ya tumbo inaonekana kwa macho, nikaingia kwenye setingi nikabonyeza modi ya mwanamichezo ikashuka 17 palepale, sijainua hata kijiko. Tangu siku iyo naitumia kupimia begi la safari tu.

Fundi Sakiti

Sio mdoli na wala haidanganyi, ila tatizo ni kwamba watu hawajui inapima nini. Nimezifungua nyingi kwa kazi yangu, ngoja niwaambie kilichomo ndani.

Kwenye kona nne kuna sensa nne za uzito, vipande vya chuma vinavyopinda kidogo sana ukisimama juu, na kule kupinda kunabadilisha ukinzani wa kiwaya kilichobandikwa pale. Huo ndo uzito, na kwa kweli hapo zinajitahidi, hata za bei poa. Juu ya kioo sasa kuna zile sahani za chuma za kukanyagia, nyingine ni utando mwembamba hata hauuoni. Hapo mashine inapitisha umeme mdogo mno, chini ya miliampia moja, unaokwenda na kurudi mara kama 50,000 kwa sekunde ndo maana husikii kitu. Unaingia mguu mmoja, unapanda paja, unakatiza nyonga, unashuka mguu wa pili. Mashine inaangalia umeme umepata upinzani kiasi gani njiani, inatoka namba ya omu (ndo kipimo cha ukinzani), watu wazima wengi utawakuta kwenye 400 mpaka 600 na kitu hivi.

BASI. Imeisha. Vitu viwili tu, uzito na ukinzani. Kila kingine unachokiona kwenye simu ni hesabu.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Maji ya mwilini yana chumvichumvi kwahiyo yanapitisha umeme vizuri. Misuli imejaa maji, mafuta yana maji kidogo sana. Sasa mashine inachukua urefu wako mara urefu wako, inagawa kwa ule ukinzani, inachanganya na uzito, umri na jinsia uliyojaza, inapata makadirio ya maji. Kisha inachukulia kwamba mwili ukitoa mafuta yote, kinachobaki huwa ni maji kama asilimia 73. Kutoka hapo inajua uzito wa mwili usio na mafuta. Halafu inachukua uzito wako mzima inatoa huo, kinachobaki inakiita mafuta.

Umeona? Mafuta hayajapimwa popote. Mafuta ni chenji. Muuza duka akikosea bei ya bidhaa hata kidogo kosa lote linakuja kwenye chenji yako.

Sasa juzi na jana. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Ili uongeze kilo moja na ushee kwa usiku mmoja ilibidi ule kalori zaidi ya 8,000 JUU ya zile unazotumia, na ungekumbuka tu, wala usingehitaji mizani. Kilichobadilika ni maji ya miguuni. Ukilala usiku kucha maji yanajisambaza yanarudi kifuani na tumboni, ukitoka kitandani ukapanda mizani hapo hapo miguu ina maji pungufu, umeme unapata shida, mashine inasema mafuta mengi. Mchana kutwa umesimama umetembea, maji yameshuka miguuni, jioni umeme unateleza, mashine inasema mafuta yamepungua. Hiyo 25.9 yako ndo hii. Na jana asubuhi nahisi ulipanda mapema kuliko juzi, au uliamka na kiu.

Kilo84

Duh. Kweli juzi nilishapika chai na kuzunguka zunguka kabla ya kupima, jana nilitoka kitandani moja kwa moja kama askari. Kiu pia nilikuwa nayo.

Swali dogo mkuu, sasa kama umeme unapanda mguu huu unashuka mguu ule, kwenye kitambi unafika saa ngapi?

Fundi Sakiti

Haufiki hahaha. Unagusa chini huku kwenye nyonga unageuza. Tumbo, kifua na mikono yote mashine inakisia kutokana na miguu. Mtu mwenye miguu miembamba na tumbo kubwa, au kinyume chake, hapo ndo makisio yanakwenda kombo. Zile zenye mpini wa kushika kwa mikono zina afadhali maana umeme unapita na mikononi na kiwiliwili.

Mpita Njia

Kwahiyo mkuu Kilo84 umehukumiwa kwa ushahidi wa miguu.

Mama Wawili

Jamani mimi nina mwaka na miezi nayo na ninaipenda, ila ilinitesa miezi mitatu ya mwanzo mpaka nikawa naiogopa asubuhi, nikikuta imepanda basi siku nzima nimenuna na watoto wanaisoma tu.

Kwa wanawake wenzangu, kuna jambo hawakuandikii kwenye kijikaratasi. Siku kama tano sita kabla ya hedhi mwili wangu unashika maji, napanda kilo moja na nusu hata mbili, vyakula vilevile mazoezi yaleyale, na asilimia ya mafuta inayumba haieleweki. Hedhi ikianza siku ya pili ya tatu vinashuka vyenyewe. Mwezi wa kwanza nililia, mwezi wa pili nikajinyima kula, wa tatu ndo nikaona kwenye grafu kuna vilima vinajirudia. Siku hizi nalinganisha wiki ya baada ya hedhi na wiki ya baada ya hedhi ya mwezi uliopita, hizo zingine naziandika tu sizitazami usoni.

Jambo lingine, mizani yangu ilikuwa kwenye zulia. Nimeitumia wiki nne kwenye zulia! Siku naitoa naiweka kwenye sakafu ngumu uzito ukabadilika kilo mbili kasoro. Nako sakafuni kuna kigae kimoja kimeinuka, ukiiweka hapo inacheza miguu, kwahiyo nimeitafutia mahali pake na haihami. Nikiihamisha kwa ajili ya usafi nakanyaga mara moja nashuka, nasubiri izime, ndo napanda kupima. Sijui kwanini lakini inasaidia.

Fundi Sakiti

@Mama Wawili inasaidia kwasababu ukiihamisha ile sifuri yake inapotea, ukikanyaga na kushuka inajiweka sifuri upya. Uko sahihi kabisa, na zulia ndo adui namba moja, kitako cha mizani kinagusa manyoya ya zulia kwahiyo sehemu ya uzito haifiki kwenye sensa.

Anayetaka kujua kama mizani yake iko sawa kwenye uzito, lita moja ya maji ni kilo moja. Jaza dumu la lita 10, jipime mwenyewe, kisha jipime umelishika. Tofauti iwe 10 na uzito wa dumu tupu, ambao nao unaupata kwa mtindo huohuo. Msiweke dumu peke yake, nyingine haziamki kwa mzigo mdogo.

Chuma Kizito

Sawa fundi nimekuelewa lakini hujajibu ya kwangu. Iweje kubonyeza kitufe kupunguze asilimia 7? Kule jimu kuna mashine ya kushika mipini ilinipa 15.

Fundi Sakiti

Kitufe hakijapunguza kitu, kimebadilisha kanuni ya kukokotolea. Ile kanuni ya kawaida imetengenezwa kwa kupima watu wa kawaida, mtu aliyejaa misuli kama wewe (kama unasema kweli) inamwonea. Ndo wakaweka kanuni ya pili. Lakini sio ya kila anayekimbia mara mbili kwa wiki, kuna watengenezaji wanataka uwe unafanya mazoezi makali saa 10 au zaidi kwa wiki na mapigo ya moyo ukiwa umetulia yawe 60 kushuka chini. Sasa watu wanaibonyeza kwasababu inawafurahisha. Chagua moja ubaki nayo, ukirukaruka grafu haina maana tena.

Na usilinganishe ya nyumbani na ya jimu. Kila mtengenezaji ana kanuni zake na hatoi siri. Hata kile kipimo cha hospitali cha mionzi, DXA, ambacho watu wanakichukulia kama hakimu wa mwisho, nacho kina yumbayumba yake na kinaguswa na maji.

Unatumia kriatini, ile poda ya wanyanyua vyuma?

Chuma Kizito

Natumia ndio, wiki ya kwanza nilipanda kilo moja na nusu

Fundi Sakiti

Maji hayo, yameingia kwenye misuli. Mashine ikayaona ikasema misuli imeongezeka. Vivyo hivyo kwa anayeacha wanga ghafla, mwili unatumia akiba yake ya glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa mwilini, na kila gramu ya glaikojeni huwa imekumbatia maji kama gramu tatu, kwahiyo ndani ya siku chache anashuka kilo mbili anatangaza ushindi. Siku akirudia wanga zinarudi zote na anajiona kafeli. Hakushinda na hajafeli.

Kilo84

Wakuu leo sijaenda kazini nimefanya utafiti.

Saa nne asubuhi: kilo 83.9, mafuta 26.8.
Nikanywa maji nusu lita palepale, nikapanda: 84.4, mafuta 27.1.

Yaani nimekunywa MAJI mafuta yakaongezeka. Si mlisema maji yakiwa mengi mafuta yanashuka?

Mchana nikaoga maji ya moto, nikajifuta nikapanda, 25.4. Nikavaa soksi nikapanda, ikanipa uzito tu na vistari. Mke wangu kauliza kama nimeajiriwa na hiyo kampuni.

Fundi Sakiti

Hahaha safi sana, utafiti wa maana huo. Maji uliyokunywa yako tumboni bado, hayajaingia kwenye damu wala kwenye misuli, na umeme kule tumboni haufiki. Kwa mashine uzito umeongezeka nusu kilo na ukinzani uko palepale, sasa nusu kilo hiyo itaiweka fungu gani? Sehemu kubwa inaitupa kwenye chenji. Yakishasambaa mwilini ndo hadithi nyingine.

Maji ya moto yamepasha ngozi joto na damu imejaa kwenye miguu, ukinzani unashuka. Mazoezi nayo hivyohivyo, ndo maana mtu akitoka kukimbia anapanda anakuta amepungua asilimia mbili anaona mbio zimelipa. Na miguu yenye magaga au mikavu sana inafanya kinyume, inazuia umeme, unaonekana mnene bure. Ukiwa na magaga futa nyayo na kitambaa chenye unyevu kidogo kabla ya kupanda, kila siku hivyohivyo.

Nesi wa Zamu

Nimeusoma uzi wote kwenye mapumziko, naomba niongeze machache kabla sijaitwa.

Kwanza wapo wasiotakiwa kupitisha huo umeme kabisa. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani asipande, umeme ni mdogo ila hatujaribu bahati. Wajawazito nao watengenezaji wanakataza, na hata ukipima namba hazina maana. Mizani nyingi zina modi ya uzito tu, watumie hiyo, au wapande na soksi kama mleta uzi alivyogundua, ila mwenye kifaa cha moyo bora atumie mizani ya kawaida isiyo na hayo mambo.

Pili, hiyo "mafuta ya ndani 11". Mafuta ya ndani ni yale yanayozunguka ini na utumbo, yana madhara kuliko ya chini ya ngozi, na kuyaona hasa mpaka picha za CT au MRI. Mizani inakisia. Na kuna mtego, kuna kampuni inayotumia ngazi ya 1 mpaka 59 ambapo mpaka 12 ni salama, kuna nyingine inatumia 1 mpaka 30 na salama inaishia 9. Hiyo 11 yako kwa wa kwanza uko vizuri, kwa wa pili imezidi. Namba ileile! Soma kitabu cha mizani YAKO.

Mimi wagonjwa wangu nawaambia chukua futi ya fundi cherehani, tafuta mbavu ya mwisho chini na mfupa wa nyonga juu, pima katikati yake, pumua kawaida usibane tumbo. Kiuno kisizidi nusu ya urefu. Wewe wa 176 kiuno kiwe chini ya 88. Haihitaji betri.

Tatu, wenye ugonjwa wa moyo au figo wanaovimba miguu, mashine itayaona yale maji kama "misuli" itawapongeza. Ukipanda kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, miguu imevimba au pumzi inakata ukilala, nenda hospitali, acha mambo ya apu.

Kilo84

Kiuno 97. Nilibana kidogo nikapata 94 nikaona aibu nikapima upya.

Asante sana dada nesi. Kwahiyo asilimia ngapi ndo nzuri?

Nesi wa Zamu

Inategemea umri na jinsia. Viwango vinavyotumika sana, mwanaume wa 20 hadi 39 ni asilimia 8 mpaka 19, wa 40 hadi 59 ni 11 mpaka 21, akivuka 60 mpaka 24 haina neno. Wanawake ni juu zaidi kwa maumbile, 21 mpaka 32 kwa 20 hadi 39, kisha 23 mpaka 33. Dada zangu msijilinganishe na waume zenu. Ila kumbuka viwango vile vimetengenezwa kwa vipimo vya maabara, wewe unavilinganisha na makisio ya miguu. Nimeitwa.

Mama Wawili

Kweli kabisa, mume wangu ana 18 mimi nina 29 alikuwa ananitania mpaka nilipomuonyesha hivyo viwango. Sasa kanyamaza.

Mleta uzi mimi nafanya hivi, napima kila siku nikitoka chooni asubuhi kabla ya kula na kunywa, ila nakaa kama nusu saa kwanza natembeatembea kuandaa watoto, nguo zilezile nyepesi, miguu mikavu. Jumapili najumlisha za siku saba nagawa kwa saba, hiyo ndo namba yangu ya wiki. Siku mwanangu wa kwanza alipanda kwa kuruka na apu ikadhani ni mimi nimepungua kilo 30, nilifuta, lazima kufuta hizo maana zinaharibu wastani. Umri wa mwili nimeuficha, apu yangu ina sehemu ya kuficha, amani imerudi.

Kilo84

Na hiyo ya mifupa je? Naletewa misuli kilo 58.1, mifupa 3.2, kalori za mwili ukiwa umepumzika 1,694. Mifupa kilo tatu tu? Hiyo skrinshoti ya juzi nimeiweka hapo chini muione.

Chaki Mkononi

Mimi nafundisha hesabu, sijui chochote cha afya, lakini skrinshoti yako imenikosesha usingizi.

Angalia, mafuta 22.7 ongeza misuli 58.1 ongeza mifupa 3.2. Jumla 84.0 kamili. Kwahiyo hiyo "misuli" sio nyama ya misuli peke yake, ni kila kitu kisicho mafuta wala mifupa, humo kuna maini, figo, damu, ngozi na maji. Ukisikia misuli imeongezeka nusu kilo leo, inaweza kuwa ile nusu lita ya maji imeshafika.

Kalori nazo. Mwili usio na mafuta ni 84 toa 22.7, unapata 61.3. Zidisha kwa 21.6, ongeza 370. Inatoka 1,694 ileile. Ni kanuni ya kawaida ya vitabuni, haijapima pumzi yako wala nini. Akikosea mafuta kakosea na kalori.

Fundi Sakiti

Mwalimu umemaliza. Na mifupa ni yale madini yaliyomo tu, sio mfupa mzima na uboho wake, ndo maana ni kilo mbili mpaka nne hivi. Nayo imekisiwa kutoka kwenye huohuo mwili usio na mafuta. Usije ukapima udhaifu wa mifupa kwa mizani ya bafuni.

Kilo84

Kwahiyo nikiendelea hivi mafuta yatashuka lini kwenye kioo? Wiki tatu hizi naona kama hakuna kitu.

Chaki Mkononi

Tupige hesabu. Tuseme umepoteza kilo moja ya mafuta matupu, umetoka 84 kuwa 83, mafuta 22.7 kuwa 21.7. Asilimia imetoka 27 imekuwa 26.1. Haifiki hata asilimia moja. Na wewe asubuhi mpaka jioni peke yake inayumba karibu asilimia tatu. Mabadiliko ya kweli ni madogo kuliko kelele, utayaonaje kwa siku mbili? Ukijinyima kalori 550 kwa siku ni nusu kilo kwa wiki. Miezi miwili kilo nne, hapo asilimia tatu na zaidi kidogo, ndo itaanza kuonekana kwenye wastani wa wiki. Uzito utaonekana mapema zaidi.

Lakini subiri, kuna kitu kingine kwenye skrinshoti. BMI haina umeme wala miguu, ni uzito gawa kwa urefu mara urefu. Umesema una sentimita 176. 1.76 mara 1.76 ni 3.0976. 84 gawa kwa hiyo unapata 27.1. Apu imekuandikia 30.1.

Umejaza urefu gani?

Fundi Sakiti

Ohooo

Kilo84

Naenda kuangalia

Mpita Njia

Kimya hiki kina harufu.

Kilo84

Wakuu. Imeandikwa 167.

Fundi Sakiti

Hahahahaha! Namba zimegeuzana. Basi mkuu kosa hilo ndo kubwa kuliko yote tuliyojadili hapa, urefu kwenye kanuni unazidishwa kwa wenyewe, sentimita tisa sio mchezo. Mashine ilikuona mfupi kwahiyo ikahesabu maji machache, chenji ikawa kubwa. Rekebisha, kesho pima upya muda uleule.

Kilo84

Nimepima leo saa nne asubuhi, kilo 83.8. BMI 27.1 rangi ya njano. Mafuta 23.0. Umri wa mwili 41. Nimepunguza karibu asilimia 4 ya mafuta kwa kidole gumba.

Chaki Mkononi

Futa zile za zamani zote au anza grafu mpya, usije ukajipongeza kwa huo mteremko. Yumbayumba ya asubuhi na jioni itabaki palepale, hiyo urefu hauihusu. Na kiuno bado 97.

Kilo84

Kiuno nakijua mwalimu, kiache kidogo nifurahi.

Chuma Kizito

Ngoja nami nikaangalie yangu niliandika nini maana nilijaza usiku

Mama Wawili

Mleta uzi ulijazaje kitu kama hicho lakini?

Kilo84

Sikujaza mimi dada, alijaza mke wangu wakati mimi natoa mizani kwenye boksi. Yuleyule aliyecheka mpaka akakaa chini. Nimemuuliza anasema mimi ndo nilimtajia 167. Tunaendelea kubishana hapa, moderata uzi msiufunge kwanza.